Zuio Lenye Jina Langu

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo miguu yangu huanza kucheza chini ya meza. Nilikuwa karani kijana katika ofisi ya usajili wa ardhi hapa Kisumu, mwenye digrii iliyonifundisha kila kitu isipokuwa kutulia kitini. Katika rundo la faili za siku ile nilikuta shamba letu la Asembo Bay.

Baba mdogo Odera alikuwa analiuza. Hati ilikuwa na jina lake peke yake, ingawa sehemu ilikuwa haki ya marehemu baba yangu, na katikati ya shamba ilisimama nyumba ya nyanya yangu, mama yao mzazi. Uuzaji ukipita, mnunuzi angeweza kumwambia bibi kizee yule ahame. Nikasimama. Nikaketi. Nikaenda dirishani kutazama ziwa, ambalo halikuwa na ushauri wowote, nikarudi, nikaisukuma faili ndani ya droo yangu. Nani angeshangaa? Enzi zile faili kupotea lilikuwa jambo la kawaida kama mtu kupiga chafya.

Mama Akoth, msajili wetu, mwanamke mzito wa kuongea na mwepesi wa kuona, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Bwana, siku hizi droo yako inakula faili?"

Nikamweleza yote. Hakunipigia kelele, heri angenipigia.

"Baba yako mdogo asipoiona atamshuku nani? Atamshuku mkewe. Atamshuku mama yake. Atamshuku kila mtu ila wewe, nawe utakula naye samaki ukimchekea. Mficha uchi hazai, kijana. Weka zuio. Toka nje, panga foleni kama watu wengine."

Zuio, mwanangu, ni ombi la kusimamisha shamba lisiuzwe mpaka madai yasikilizwe. Ugumu wake ni kwamba lazima uandike jina lako, na mwenye hati apelekewe barua ajue ni nani aliyemzuia. Mama Akoth akampa karani mwingine ile faili, nami nikatoka.

Kwenye benchi la wanaosubiri nikamkuta baba mdogo mwenyewe, amevaa koti la harusi.

"Kijana wa ofisi! Unapanga foleni kwa duka lako?"

Watu wakacheka. Ningeweza kucheka nao nikaondoka.

"Nimekuja kuzuia shamba lisiuzwe, Baba. Nyanya ataenda wapi?"

"Mimi nilikubeba kwa huu mgongo!"

"Ndiyo, Baba. Ndiyo maana nakuambia mwenyewe kabla barua haijafika."

Akainuka kwenye benchi. "Nikikufa usikuje matanga yangu."

Niliweka zuio kwa jina langu, lakini usidhani ukweli ulinipa usingizi. Hayo ni ya mahubiri. Niligeukageuka kitandani kama tilapia kwenye sufuria. Lakini Jumapili moja akaingia chumbani kwangu Nyalenda bila hodi, kunigombeza. Aligomba kabla ya chakula, akagomba akila, na kati ya matonge mawili likamtoka la moyoni: mkewe alikuwa mgonjwa, gharama ya matibabu ilikuwa imemshinda, naye aliona aibu kutuambia. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza. Mwishowe tuliuza pamoja kipande cha kando ya barabara, na boma la nyanya likakatwa likapewa hati yake, kwa jina lake. Alizeekea humo.

Mara nyingi hujiuliza: faili ingebaki kwenye droo, mzee yule angekwenda kumgombeza nani?

Basi nakuasa hivi, mwanangu. Ukiona wa kwenu anakosea, mzuie. Damu si kisingizio cha kunyamaza. Lakini mzuie mchana, mbele yake, ili akiwa na hasira ajue aje kwa nani. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Wewe usikubali kuwa hicho kilicho nguoni mwa mwenzako. Mungu akupe ulimi wa kusema hapana bila kufoka, na akupe jamaa wa kukukasirikia huku wakila mezani pako.