Harusi Niliyoitia Alama ya X

Odong aliponiambia, "Juma, nataka wewe mwenyewe ushike kamera, si mtoto," nilipaswa kukataa palepale, na neno la kukataa lilikuwa limeshafika mdomoni, lakini nikalimeza na kumjibu, "Afande, hapo umefika." Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile masikio yananiwaka moto, mtu mzima na mvi zangu.

Huyo "mtoto" ni binti yangu Salma, mwanamke mwenye watoto wake wawili, na studio yetu ya Ntinda ilikuwa yake, si yangu. Nilimwachia tangu kazi ya filamu ilipokufa, nikabaki kukaa mlangoni nikisalimia wateja na kuwasimulia jinsi tulivyokuwa tukisafisha picha gizani (hakuna aliyeniuliza). Odong nilikua naye katika nyumba za polisi, baba zetu wakivaa sare moja, ambayo yeye naye aliivaa baadaye, wao watu wa kanisa na sisi Wanubi watu wa msikiti, tukila sahani moja Idi na Krismasi. Sasa alikuwa anamwoza binti yake Lamaro kwa kijana ambaye mama yake ana ukumbi mkubwa wa sherehe kule Nakasero, na mama huyo alikuwa amemwambia Salma waziwazi kwamba picha za harusi hii zikimpendeza, basi harusi zote za ukumbini kwake atazipiga Salma. Kwa hiyo haikuwa harusi tu. Ilikuwa riziki ya binti yangu.

Na mimi jicho langu la kulia, lile la kuchungulia kamera, lilikuwa na ukungu tangu mfungo wa Ramadhani. Sikumwambia mtu. Salma aliniona siku moja nikimimina chai pembeni ya kikombe, akasema, "Baba, twende tukapime macho," nikamwambia ni uchovu, nikapangusa meza kwa mkono wa kanzu kana kwamba chai ndiyo yenye makosa.

Yeye alikuwa amejiandaa kama anayekwenda vitani. Alikuwa na kamera mpya, hizi nyepesi zisizo na kioo ndani, zinazokuonyesha picha kwenye kidirisha kabla hujaipiga, na lenzi mpya fupi nene inayomeza mwanga kama mtu mwenye kiu, na kidude cha kurusha picha moja kwa moja kwenye skrini kubwa ili wageni wazione papo hapo. Halafu kulikuwa na filta, kioo cheusi cha mviringo kinachofungwa mbele ya lenzi, mfano wa miwani ya jua, chenye pete ya kuzungusha: huku giza linaongezeka, huku linapungua. Alikinunua kwenye vibanda karibu na Kikuubo, kwa sababu harusi ilikuwa bustanini, mchana, na jua la Kampala saa hizo huzifanya nyuso ziwe kama karatasi tupu.

"Baba," akaniambia asubuhi ile, "hii ni ya bei nafuu, haina kizuizi. Usiizungushe kupita nukta nyeupe. Ikipita inaleta giza la umbo la X katikati ya picha."

"Unamfundisha nani?"

"Nukta lakini unaiona?"

"Naiona." (Hata pete yenyewe niliitambua kwa kuipapasa.)

Basi tukafika bustanini, Salma akachukua kamera ya pili akaenda kupiga keki, maua na wageni wa mahema ya mbali, na mimi nikasimama mbele kabisa, karibu na mchungaji, skrini ikiwa nyuma yangu. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Kisha wingu likafunika jua kabla tu ya viapo, nikaona picha imefifia, nikaizungusha pete ili nipate mwanga, na kumbe nimeizungusha upande usio wake. Kwenye kidirisha ikatokea mistari miwili myeusi iliyopishana. Nikajiambia, basi, jicho limefika huko sasa. Haikunijia kabisa, hata baada ya onyo la Salma, kwamba kasoro inaweza kuwa ya kile kioo cheusi, kwa sababu kasoro niliyokuwa naificha ilikuwa yangu. Lakini kamera hizi zina kisanduku kidogo kinachotafuta macho ya mtu chenyewe na kuyashika, nami nilikiona kisanduku kimeshika uso wa bwana harusi, nikasema ya nini kuhangaika, kamera inaona kwa niaba yangu. Nikapiga. Nikapiga viapo, nikapiga kuvishana pete, nikapiga wazazi wakiwabariki.

Watu wakaanza kucheka. Mimi nikafurahi, nikadhani harusi imechangamka, nikawapungia mkono nikisema, "Ndiyo hivyo! Chekeni zaidi!" Banange, jamani, nawaambia, walicheka zaidi.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Jamani, mwalimu wa hesabu amesahihisha! Bwana harusi amekosa!"

Kicheko.

"Na bibi harusi naye amekosa! Warudie darasa wote wawili!"

Mstaafu mmoja wa polisi akapaza sauti kutoka nyuma, "Afande Odong, na wewe umefutwa kazi!"

Hapo mama wa bwana harusi akasimama. "Nani huyo anamkata mwanangu kwa mistari?" akauliza. "Siku ya ndoa yake, mbele ya watu?"

Nikageuka. Skrini ilikuwa kubwa kama ubavu wa lori, hata mimi niliona. X nyeusi, kutoka pembe hadi pembe, na chini yake Odong amemshika binti yake mkono, wote wawili kama hesabu iliyokosewa.

Salma alikuja mbio, viatu mkononi. Akaigusa pete kwa vidole viwili tu, X ikatoweka. Akaniangalia, akauliza kwa sauti ya chini, bila hasira hata kidogo, "Baba, hukuiona? Ipo hapo hapo kwenye kidirisha."

Watu wote walikuwa wanatutazama. Ningesema, jicho langu bovu. Ni maneno matatu, na pengine wangenionea huruma, mzee mwenzao. Badala yake nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mahema ya nyuma, "Filta yako mbovu! Nilikukataza kufunga vitu vya vibandani kwenye kamera."

Sikuwa nimemkataza chochote. Yeye alijua, nami nilijua. Akamgeukia mama wa bwana harusi, akapiga goti na kusema, "Nisamehe, mama. Kosa ni langu."

Odong akanipigapiga begani. "Si nilisema, Juma? Vijana hawa!"

Na mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Maharusi walivishana pete upya ili wapigwe picha, lakini viapo mchungaji alikataa kuvirudia, akasema Mungu ameshasikia. Salma alikesha siku kadhaa kwenye kompyuta akijaribu kuiondoa ile X. Haikutoka.

Nilipimwa macho baadaye, nikafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na nilipoanza kuona vizuri nilivaa kanzu safi nikaenda Nakasero kwa yule mama, nikamweleza yote, jicho na uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaagiza niletewe soda.

"Mzee," akasema, "unamtetea binti yako. Ni vizuri. Baba yeyote angefanya hivyo."

"Si kumtetea, mama, ni kweli."

"Kunywa soda yako, mzee."

Odong naye nilimwambia. Alicheka, akasema mimi na Salma tunapendana sana. Ukweli niliouchelewesha ulifika ukiwa umevaa nguo za uongo, na hakuna aliyeupokea. Kamera sijaishika tena, na nimeapa kwamba nikiulizwa kama naona kitu ambacho sikioni, nitasema sikioni, hata aulizaye akiwa mjukuu wangu wa chekechea.

Ukumbi ulipewa mpiga picha mwingine, na habari za binti aliyeharibu harusi zikazunguka Ntinda mpaka wateja wakapungua, kisha wakakoma. Salma aliuza kamera na ile lenzi mpya, akafunga studio, na sasa anapiga picha za pasipoti katika duka la mtu mwingine. Kila jioni hupita kunisalimia, hunitia dawa ya macho kwa mkono wake na kuniita Baba kama zamani, na siku ile hajaitaja hata mara moja. Mimi nililinda heshima yangu kwa mchana mmoja, na nilimlipisha binti yangu kwa kazi yake yote.