Suke la Ngano kwenye Ukurasa wa Mwisho

Huu ni mwaka wa kumi na nane naendesha gari la maktaba huku kwenye mashamba ya ngano, na wazee wangu nawajua kwa alama zao. Kila mmoja huchora kitu kwa penseli ndani ya kitabu alichokisoma, asije akakiazima tena. Ofisi inakataza, nimepewa hata kifutio. Alby Treloar huchora kisanduku. Jirani yake, Neville Kuhne, alikuwa akichora suke la ngano kwenye ukurasa wa mwisho, na kitabu kilichomshinda kumaliza hakukitia kitu. Neville tulimzika Januari.

Walikuwa majirani miaka arobaini, wote makapera, na kila Alhamisi walikunywa chai jikoni kwa Neville. Watu walisema yao, wakachoka.

Mwezi wa Machi Alby alichukua riwaya ya wanaume wawili, wakata manyoya ya kondoo, waliopendana. Aliificha chini ya kitabu cha matrekta, kana kwamba si mimi ninayeorodhesha vitabu vinavyoazimwa.

Wiki mbili baadaye akapanda garini amenuna.

"Huyu mwandishi hajawahi kumshika kondoo maishani mwake. Na kubusiana huko! Kila ukurasa! Watu hawana kazi?"

"Basi kirudishe, mzee."

"Nimesema nakirudisha? Niongezee siku."

Nilimwongezea mara tatu. Kila mara alikitukana, kisha akanisimulia walikofikia wale wawili, kwa sauti ya chini, kama anayetoa habari za ndugu zake.

Jumanne iliyopita alikuja macho mekundu.

"Mwishoni wanaishi pamoja. Nyumba, mbwa, majirani wanawaletea keki. Uongo mtupu! Nani aliwahi kupata hivyo?" Akafungua ukurasa wa mwisho. "Na hili?"

Suke la ngano.

Sikupaswa kumwambia. Nikamwambia: Neville alikiazima Novemba.

"Novemba nilikuwa kwake kila Alhamisi," akasema. "Tukaongea mvua. Mvua tu, Joyleen! Kwa nini hakusema?"

Mdomo wangu hauna breki. "Na wewe, ungesema?"

Alikaa kwenye ngazi ya gari akalia, mtu wa miaka sabini na sita, nami nimesimama pale najilaani. Majuto ni mjukuu, na Alby hana mjukuu mwingine ila huyo.

"Labda alikuwa ananingoja mimi nianze," akasema mwishowe. Akaomba penseli. Akachora kisanduku chake kando ya lile suke, vikagusana.

Wiki hii ofisi inakagua vitabu. Nimefuta alama za kila mtu, mpaka mkono unaniuma. Kile cha wakata manyoya nimeandika kimepotea. Kiko jikoni kwa Alby.