Tapeti Iliyoliwa

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa, naliona lile karai ambamo baba aliosha vyuma vya injini kuukuu ya mashine ya kusaga. Alizipapasa tapeti, vile vyuma vinavyosukuma vali, na moja akaitupa kando.

“Imeliwa. Nikiirudisha itakula na shafti.”

“Kaka, irudishe tu!” Shangazi akamwonyesha viganja vyenye malengelenge. “Kijiji kizima tunatwanga.”

“Basi twangeni.”

Akavaa koti lake zito, akadandia lori la kwenda Mbeya.

Aliporudi Kilolo, tapeti mpya alikuwa kaifumbata mkononi, na koti hana. Baridi ilikuwa kali. Mama akamsogezea kigoda karibu na moto. Baba akakipita, akaiinamia injini, meno yakigongana.

“Spana iko wapi?”