Mistari ya Getini

Mtafiti wa mtama kituoni kwetu ana ukucha mmoja wa kijani. Ndio anaopasulia shina changa, atazame kama suke limeanza kujitunga. "Bila giza refu, mtama hauchanui," hutuambia kila siku, mpaka masikio yetu yamechoka. Mbegu aliyowagawia wakulima aliichagua kwenye mistari ya getini, kwa kuwa pale mtama ulichelewa kuchanua hadi mvua ikaisha, nafaka zisioze. Jana jioni, mvua ikinyesha, dada yake aliyeipanda mbegu hiyo alimpigia simu akichekelea: "Mdogo wangu, shamba zima limeshachanua!" Mtafiti aligeuka akatazama getini. Taa ya mlinzi, isiyozimwa usiku kucha, iliwaka juu ya mistari ile ya getini. "Izimeni," alitunong'oneza, kana kwamba mbegu bado ilikuwa ghalani, haijagawiwa.