Bia Iliyovuta Maji ya Mama

Kutulia mimi sijui. Wiki ambayo wakwe zangu watarajiwa walituma habari kwamba wanatoka Nanyala kuja kuona kwetu hapa Vwawa, nilifungua friza la soda la mama mara nyingi kuliko wateja wake. Ndani mlikuwa na ndoo ya bia niliyoipika mwenyewe. Baba wa mchumba wangu alikuwa ameahirisha jibu la posa mara mbili. Komoni, pombe yetu ya kienyeji, angeipata popote, mimi nilitaka anywe kazi ya mikono yangu. Nilijiona fundi kwelikweli.

Nilifundishwa na binamu yangu wa Nakonde, ng'ambo tu ya Tunduma. Ndoo inafungwa kabisa, mpira mwembamba unatoka kwenye kifuniko na kuzama kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa ya nje haiingii. Alinionya kwamba ndoo ikiingia kwenye baridi, hewa ya ndani husinyaa, na bia huyavuta yale maji. Nichomoe mpira, nifunge puto lililojazwa gesi ya ndoo yenyewe, ili linywee puto na bia ibaki salama.

Puto nilinunua, kulifunga nikaogopa. Kila nikishika mpira naona hewa chafu inaingia. Basi nikaacha kwenye chupa maji ya vidole viwili tu, yaliyochemshwa. Hata yakivutwa, si neno.

Asubuhi ya ugeni nikakuta chupa tupu. Nilikuwa bado najifariji mama aliposema, kwa furaha kabisa, kwamba jana yake alikuta maji yamepungua akaijaza chupa mpaka juu. Alijaza maji ya maombi, yale ya kanisani, aliyoyatunza kwenye kidumu chini ya kitanda tangu Pasaka, na sasa yote yalikuwa yameingia kwenye bia. Nilitamani kulia. Wageni walikuwa wameshafika mlangoni.

Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni. Asipoonja, hawagusi, na neno lenu limeishia hapo. Nikamimina kikombe, nikakishika. Nilikuwa nakiwaza kile kidumu, na mkono ukagoma. Mzee akanitazama, akakitazama kikombe, kisha akaanza kutafuta kofia yake. Nilijua nampoteza binti yake, na bado sikuweza kunywa.

Mama akaweka soda yake chini. Aliokoka kabla sijazaliwa, na muda mfupi tu uliopita alikuwa amewaeleza wageni kwamba pombe hagusi. Alikichukua kikombe mkononi mwangu, akanywa chote bila kukunja uso, akafuta mdomo kwa kitenge.

Mzee akaiweka kofia gotini.

"Binti yangu atakaa karibu na mama huyu?" akaniuliza.

"Nyumba moja, baba."

"Basi nimiminie na mimi."