Mafuta ya Komoro, jasi ya Makanya

Jumatatu, nilipokuwa nasubiri zamu yangu kwenye duka la kuchapa karatasi hapa Same, mwanaume mmoja alikuwa akichapisha tiketi ya ndege ya kwenda Komoro. Alikuwa amepata kazi kwenye meli inayotafuta mafuta baharini. Kaka yake, mchimba jasi, mawe ya kutengenezea saruji, huko Makanya, alisimama pembeni, mikono myeupe kwa vumbi.

"Hayo mafuta yameshapatikana?" kaka akauliza.

"Bado, kaka. Wanapima tu."

"Mimi jasi naichimba miaka kumi na miwili, na hakuna aliyenipandisha ndege."

Akaichukua tiketi, akaisoma yote, akaikunja kwa ncha za vidole isichafuke.

"Mwambie mama nimefurahi," akasema. "Nikimwambia mwenyewe atajua siyo kweli."

Nilimwelewa. Mdogo wangu alipopata kazi ya kufundisha chuo kikuu, aliyempigia simu kumpongeza alikuwa mke wangu.