Kiatu cha Kushoto cha Mzanzibari

Siku ile tulikuwa hawa: mimi, Mzanzibari mmoja tuliyenunua naye jinzi Xintang, mji wa jinzi karibu na Guangzhou, China, bila kusalimiana, mwenye karakana ya kushona, ambaye sote tulimwita laoban, yaani bosi, mpwa wake aliyekuwa msimamizi wa mafundi, na mafundi kama ishirini walionyimwa Jumapili yao ili wakimbie. Mafundi walitutazama vibaya tangu kwenye gari, na sikuwalaumu.

Laoban aliweza kushona oda moja tu kabla kontena halijafungwa Jumatano. Mimi nilitaka iwe yangu, Mzanzibari alitaka iwe yake. Tulibishana ofisini kwake siku mbili mpaka akatuchoka. Alikuwa mtu wa mbio. Kila mwaka aliwapeleka mafundi wake kukimbia marathoni mlimani. Akasema Waafrika wote si wanajua kukimbia? Basi kati yetu atakayetangulia kumaliza, oda yake ndiyo itakayoshonwa.

Mimi ni mkubwa wa wanne. Wazazi walipokufa niliacha shule darasa la sita, nikauza mitumba ili wadogo zangu wasome. Mzigo ule ukikosa soko la Krismasi, mdogo wangu wa kike anayenifuata angerudi nyumbani na sanduku lake la bweni, kama nilivyorudi mimi. Mzanzibari alilijua hilo, kwa kuwa niliropoka katika ubishi. Alinijibu kwamba mtu wa darasa la sita hana la kumweleza mtu kuhusu shule.

Tulianza asubuhi. Ulikuwa mkia wa tufani. Mvua ilipiga kwa ubavu na kuingia masikioni. Njia ilikuwa udongo mwekundu unaovuta mguu na kukataa kuurudisha. Mafundi walitupita mapema, mmoja akanichoma kiwiko makusudi. Tukabaki wawili, mara yeye mbele, mara mimi, kila mmoja akisikiliza pumzi za mwenzake akiomba zikatike.

Tulipokuwa tumekimbia kwa saa tatu na zaidi tukafika njia panda. Mpwa wa laoban alisimama ng'ambo ya kijito, amejifunika turubai, akipiga kelele ambazo upepo ulizichukua zote. Akanyoosha mkono, kidole gumba na cha shahada vimetanuka. Mtu mwingine yeyote angeona mkono unaoelekeza. Lakini sisi tulikuwa watu wa sokoni. Kwa wauzaji wa Guangzhou vidole vile ni nane, na kwa ishara kama hizo tulikuwa tumenunua vitambaa soko la Zhongda na mashati soko la Shahe bila kujua Kichina cha maana.

"Nane," tulisema kwa pamoja.

Zimebaki kilomita nane, basi. Tukampungia mkono, tukapanda moja kwa moja.

Alikuwa akituonyesha kushoto. Njia yetu ilikwisha kwenye mianzi, ukingoni mwa korongo. Tulisimama pale mpaka ikatuingia akilini. Mzanzibari akasema, "Yakhe, leo tumeuziwa mbuzi kwenye gunia," tukacheka, mara ya kwanza na ya mwisho.

Kushuka ndiko kulikotuvunja. Matope yalimeza kiatu changu cha kushoto. Nilichimba kwa mikono nikatoka na soli tu. Tulipokaribia njia panda, mpwa alikuwa ameshaondoka. Hapo Mzanzibari akaanguka, kigimbi kimekaza kama jiwe. Alijaribu kusimama mara tatu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Nilisimama mbele yake na soksi yangu ya matope. Akaitazama, akavua kiatu chake cha kushoto, akanitupia kifuani.

"Vaa, wa bara. Ukawaambie nipo hapa."

"Na oda?"

"Oda si umeshaipata? Nenda. Nasikia baridi."

Nikaenda. Kiatu kilinibana, kikanitoa kucha mbili. Laoban nilimkuta mwisho wa mbio, ndani ya gari na chupa yake ya chai. Akauliza mwenzangu yuko wapi. Nilimjua: akisikia mtu ameumia angeacha kila kitu, na kwa huruma pengine angetugawia mashine nusu kwa nusu. Nusu isingemfikisha mdogo wangu popote. Nikamjibu kwamba anakuja, nikaomba aandike oda kwanza. Akatafuta kalamu, akaikosa, akatoka kuazima. Karatasi ikalowa, akachukua nyingine. Akatafuta muhuri katika mifuko yote. Ulipogongwa, mwekundu, ndipo nikasema kwamba ameanguka, yuko njia panda.

 Laoban alinitazama kama mafundi walivyonitazama asubuhi, kisha akamwita mpwa wake kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Walimrudisha Mzanzibari mgongoni mwa mpwa, mguu mmoja mtupu, vidole vya mikono havikunjiki. Aliniuliza neno moja tu.

"Uliwaambia lini?"

"Nilipofika," nikasema.

Akaiangalia karatasi mkononi mwangu. Muhuri ulikuwa umeshakauka. Akageuza uso dirishani mwa gari, na mpaka tunafika Xintang hakuugeuza tena.

Jinzi ziliwahi Krismasi. Mdogo wangu alimaliza shule; siku hizi yeye ndiye anayenisahihishia maandishi, na hapa hajanisahihisha kitu. Mzanzibari hakuonekana tena Xintang, na kila ninayemuuliza habari zake ananitajia mji mwingine. Kiatu ninacho. Nilikiosha siku ile ile. Sijakirudisha, na lile swali lake bado sijalijibu.